Kitasa cha Mlango wa Mama

Kazi nitakayoisimulia hapa si kubwa. Mtu mwenye bisibisi moja na mikono isiyotetemeka aweza kuimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Mimi ilinichukua siku mbili na safari mbili za mjini, na habari yake haijaisha mpaka leo. Ndiyo maana naiandika.

Nyumba ya mama yetu iko katika kijiji kimoja cha Muheza, chini ya milima ya Usambara, katikati ya michungwa. Marehemu baba aliijenga kwa mikono yake. Mlango wa mbele ni wa mvule, mzito, na kwa miaka mingi haukuwa na kitasa cho chote. Usiku tulitia komeo la mti kwa ndani, mchana tuliurudisha tu, na aliyetaka kuingia alipiga hodi. Hata mwaka 2009, nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, nikataka kumwonyesha mama kwamba fedha zake za ada hazikupotea. Nikanunua kitasa cha chuma chenye mkono wa kushika ndani na nje, nikamwita seremala, naye akakichimbia nafasi ubavuni mwa mlango. Kilikuja na funguo tatu. Mmoja nikampa mama, mmoja nikauweka mimi, na wa tatu nikampa mdogo wangu, ambaye wakati ule alikuwa mtoto wa darasa la saba. Akautia uzi, akauvaa shingoni kama mtu aliyepewa cheo.

Mdogo wangu akakua, akaenda Tanga kutafuta kazi. Alipata kazi kwa fundi wa milango, akaiacha. Akapata nyingine ya kupakua mizigo, nayo ikamwacha yeye. Nitasema kweli, maana kuficha hakufai: alianza kunywa, tena akashikwa na kamari hii ya kubahatisha mipira kwa simu, ambayo vijana wengi siku hizi huihesabu kuwa ni kazi. Kila alipokuja nyumbani alikuja usiku, akafungua kwa ufunguo wake asimwamshe mtu, na asubuhi mama akamkuta amelala juu ya mkeka sebuleni. Mama hakulalamika. Nadhani alipenda kumkuta hivyo.

Mwaka jana vitu vikaanza kupotea. Kwanza redio, kisha betri ya taa ya jua. Mama akasema huenda alimwazima mtu akasahau. Lakini baada ya msimu wa machungwa, fedha alizolipwa na mchuuzi, shilingi 240,000, ambazo alikuwa amezitia katika kopo la majani ya chai, zikatoweka zote Jumapili moja alipokuwa kanisani. Aliacha mlango umefungwa, akarudi akaukuta umefungwa vilevile. Dirisha zima, bawaba nzima. Mwizi tunayemjua sisi huvunja akakimbia. Huyu alifungua, akachukua, akafunga nyuma yake kama mwenyeji. Sote tulijua maana yake, wala hapana aliyelitaja jina. Dada yetu, aliyeolewa kijiji cha pili, ndiye aliyesema, "Kaka, badili kitasa." Mama akajibu kwamba kitasa hakina ubaya wo wote. Dada akasema, "Kitasa hakina, mama."

Basi nikaenda Muheza mjini, katika duka la vifaa vya ujenzi. Nalidhani nitanunua kitasa kizima. Mwenye duka, mzee mmoja mpole, akaniuliza kama kitasa chenyewe kimeharibika, au ni funguo tu ambazo sizitaki tena. Nikaona haya, kama kwamba ameyajua ya kwetu. Nikasema ni funguo. Akaniambia, basi usipoteze fedha. Chuma kilichomo mlangoni kiache, badili silinda peke yake, yaani kile kipande cha shaba kinachopokea ufunguo. Akatoa chini ya meza silinda mbovu iliyopasuliwa ubavu, akanionyesha ndani yake.

Nilistaajabu, kwa kuwa nilikuwa nimezungusha funguo miaka yote bila kujiuliza neno. Ndani mna vishimo vitano kwa safu, na katika kila kishimo pini mbili zimepandana, na springi yazisukuma. Pini zile hazilingani urefu. Ukitia ufunguo, meno yake husukuma kila pini kwa kadiri yake, hata maungio ya pini zote yakae katika mstari mmoja; hapo ndipo kiini cha silinda hukubali kuzunguka. Jino moja likizidi au likipungua, pini moja hubaki imevuka mstari, na yote hukwama. Ufunguo huu mwembamba tuujuao ulitengenezwa na Linus Yale, mtu wa Marekani, aliyepata hati za uvumbuzi wake mwaka 1861 na mwaka 1865. Lakini shauri lenyewe ni la kale mno: Wamisri wa zamani walikuwa na makomeo ya mti yenye vigingi vilivyoanguka vikayashika, na ufunguo wa mti wenye meno uliovisukuma juu. Miaka mingi nimewafundisha watoto habari za Misri, mto Naili na piramidi, wala sikupata kuwaambia neno hili, ambalo nadhani wangalilipenda kuliko piramidi.

Mzee akaniuliza urefu wa silinda yangu. Sikuupima. Nikasema, "Ule wa kawaida." Akanitazama, akanipa ya milimita 70.

Nilipofika nyumbani nikafungua mlango wazi, nikaondoa ile parafujo ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, chini ya ulimi wa kitasa, usawa wa tundu la ufunguo. Nikavuta silinda, haikutoka. Nikavuta tena, nikaigonga kwa nyundo juu ya kipande cha mti, jasho likanitoka, na mama ameketi barazani akichambua mchicha, hasemi neno. Ndipo mtoto wa jirani, mwanafunzi wangu wa darasa la sita, aliyekuwa amesimama na ndoo yake, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Tia ufunguo, uuzungushe kidogo tu, kisha uvute." Nikafanya hivyo, ikatoka kama jino la mtoto. Sababu yake ni hii: katikati ya silinda kuna kijino kinachosukuma ulimi wa kitasa, kikikaa upande hushika ndani ya chuma, na ufunguo ukigeuzwa kidogo hujificha katika mwili wa silinda. Nikamwuliza amejifunza wapi. Akasema alimtazama fundi. Mimi nami nimewatazama mafundi wengi.

Silinda mpya ikaingia, lakini ikachomoza nje na ndani, kwa kuwa ya kwetu ilikuwa ya milimita 60. Nikashawishika kuiacha vivyo hivyo. Walakini kipande kile ni chembamba sana katikati, pale parafujo inapopita, na kikichomoza nje, mtu mwenye koleo aweza kukishika na kukivunja mara moja. Nikarudisha ile ya zamani. Siku ya pili nikapima vizuri, toka tundu la parafujo hata ncha ya nje, milimita 30, na hata ncha ya ndani, milimita 30, maana iko milango ambayo pande zake hazilingani. Mzee akanibadilishia bila kunicheka. Akanionya nisitie mafuta, maana mafuta hushika vumbi na kuzigandisha pini; nisage risasi ya penseli, niupake ufunguo unga wake. Penseli mwalimu hakosi.

Mara hii ikakaa sawasawa. Nikakaza parafujo, si kwa nguvu nyingi, nikajaribu kila ufunguo mlango ukiwa wazi, kwani aliyejaribu akiwa amekwisha kufunga huweza kulala nje. Funguo zilikuwa tano. Mmoja nikauchukua, miwili nikampa mama, mmoja ni wa dada. Wa tano ukabaki mkononi mwangu. Mama akautazama. Nikautia katika mfuko wa shati, pamoja na simu yangu. Nalijua kwamba yanipasa kumpigia mdogo wangu na kumweleza. Simu ilikuwa mfukoni mle mle. Sikumpigia. Nikajiambia nitamweleza akija.

Akaja baada ya siku tisa. Shule ilikuwa imefungwa, nami nimelala kwa mama. Usiku wa manane nikasikia hatua za miguu, kisha ufunguo ukiingia mlangoni. Uliingia, kwa kuwa silinda mpya ilikuwa ya mtengenezaji yule yule, na njia ya ufunguo ni moja, lakini haukuzunguka. Akautoa, akaufuta kwa nguo, akautia tena. Mara ya tatu akautia polepole sana, kama mtu aogopaye kuuumiza. Kisha kimya. Nikangoja apige hodi. Hakupiga. Nikasikia akiketi barazani, mgongo wake ukiegemea ukuta ule ule nilioulalia mimi kwa ndani. Mama alikuwa macho chumbani kwake. Nilijua, maana kitanda chake hulia ageukapo, na usiku ule hakikulia kabisa. Sijui tulikaa hivyo muda gani, watu watatu, kila mtu akimsikiliza mwenziwe. Ndipo mama akainuka, akafungua mlango, akasema, "Ingia, mwanangu. Ugali upo." Akaingia, akanisalimu, "Shikamoo, kaka." Nikaitika. Juu ya mlango hakusema neno.

Asubuhi aliiona silinda ya zamani dirishani, nilipoiacha. Akaichukua, akatia ufunguo wake, akauzungusha. Ukazunguka kama zamani. Kisha akachukua shada la funguo zangu mezani, akaanza kuzijaribu moja moja. Ufunguo wa kabati la shule ukakataa kuingia. Ufunguo wa nyumba yangu katika makao ya walimu ukaingia. Akautikisa kidogo, nao ukazunguka.

"Kaka, tazama," akasema.

Nikaushika mwenyewe. Nikajaribu mara tatu. Mara mbili ulizunguka. Akanieleza aliyoyaona kwa yule fundi wa Tanga: silinda za bei rahisi hazina namna nyingi za meno, na ikiisha kupita miaka pini hulika, springi hulegea, hata ufunguo usio wake huweza kuifungua ukitikiswa. Kitasa chetu kilikuwa kimetumika zaidi ya miaka kumi. Tena pale kijijini nyumba zenye vitasa vya namna ile ni nyingi, maana sote twanunua katika maduka yale yale.

Akaweka silinda chini. "Redio naliichukua mimi," akasema, "na betri pia. Fedha za mama sikuzichukua."

Mama alikuwa akifagia uani. Ufagio ulisimama, kisha ukaendelea.

Mimi ni mtu wa kusahihisha madaftari. Nimezoea jibu liwe sawa au si sawa. Hapa sina la kuandika pembeni. Mlevi huapa kwa urahisi, nami nimemsikia akiapa mara nyingi. Lakini ufunguo wa nyumba yangu nimeuona kwa macho yangu ukifungua kitasa cha mama. Hoja yangu yote ilikuwa moja, kwamba mlango ulikutwa umefungwa; na hoja ile mdogo wangu aliivunja kwa mkono mmoja, akiwa bado hajanawa uso. Kumbe kitasa kilistahili kubadilishwa hata kama asingalizaliwa mdogo wangu, wala sikulijua hilo nilipokibadili. Nilikibadili kwa ajili yake.

Tulipokuwa tukinywa chai akaniambia, pasipo ukali, "Ungalinipigia simu, ufunguo ningaliuleta mwenyewe." Sikuwa na jibu. Nikamwongezea chai.

Adhuhuri akaondoka kurudi Tanga. Akautoa ufunguo wake wa zamani, akauweka mezani karibu na silinda. Nami nikautoa ule wa tano mfukoni, nikabaki nao mkononi, nisijue kama nampa au simpi. Mama akanyosha mkono, akauchukua, akaufunga katika pindo la kanga yake, akatoka kumsindikiza mwanawe hata barabarani.

Juma lililofuata nikabadili na silinda ya nyumba yangu mwenyewe. Kazi ya dakika kumi tu. Tangu siku ile mdogo wangu amekuja mara tatu. Huja usiku vilevile, lakini sasa hupiga hodi, na mama humfungulia, hata ikiwa saa nane. Fedha hazikuonekana. Ule ufunguo ungali katika kanga; juzi nimeuona mama alipofungua pindo kunipa nauli ya mtoto wa dada. Alikaa nao kitambo katika kiganja, akaufunga tena, wala sikumwuliza.