Pikapu Iliyogeuka Chumba cha Bibi

Katika nyumba nyingi mambo ya gari huachiwa baba na fundi wake. Mama huulizwa habari za chakula cha njiani na nguo za watoto, basi. Lakini gari likigeuzwa kuwa mahali pa kulala, pa kupikia na pa kumtunza mzee, hapo limekuwa nyumba. Na nyumba haipangwi vizuri pasipo baba na mama kukaa pamoja wakashauriana. Sisi, wazazi wa watoto wawili tunaoishi Arusha, tulipanga nyumba ya namna hiyo nyuma ya pikapu mwaka 2016. Tunaeleza hapa jinsi tulivyofanya, kwa sababu tunajua wako akina mama wengi wenye mzee kijijini ambaye barabara imemtenga na matibabu.

Shida yenyewe

Bibi wa watoto wetu, mama mzaa baba yao, alikuwa akiishi upande wa Loliondo. Kwa miaka miwili macho yake yalizidi kuingia ukungu, hadi akawa anamtambua mtu kwa sauti. Kwenye zahanati walimwangalia wakasema ana mtoto wa jicho pande zote mbili, wakamwandikia aende hospitali kubwa. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho inapopoteza uangavu wake. Haiponi kwa dawa ya matone. Huondolewa kwa upasuaji, na lenzi ya bandia huwekwa mahali pake. Upasuaji wenyewe ni mfupi, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile.

Tatizo halikuwa upasuaji, lilikuwa safari. Basi lilikuwapo, lakini bibi alilikataa. Alituambia kwa simu: “Nikishikwa na haja njiani, nani atanishika mkono anipeleke porini mbele za watu? Niacheni na giza langu.” Hatukuona kwamba huo ni ukaidi. Mzee asiyeona ana aibu yake, na aibu hiyo yastahili heshima.

Tulikuwa na pikapu ya viti vitano, dabo kebini, tuliyoitumia kubebea bidhaa za duka letu. Tukaamua kwamba ikiwa bibi hawezi kukifuata chumba chake Arusha, basi chumba kimfuate huko huko. Likizo ya Juni ilikuwa karibu, na mwezi huo mvua za masika huwa zimekwisha. Karo ya watoto tuliilipa kwanza, kisha tukaweka kikomo cha matumizi: shilingi milioni mbili, hata senti moja isizidi.

Mizani ikawa mwamuzi

Mmoja wetu alitaka winchi mbele ya gari, na hema la kukunjua juu ya paa kama yalivyo magari ya watalii. Mwingine alitaka jokofu la kutumia betri na tangi la maji la lita 100. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Mazungumzo hayo yalituchukua jioni tatu, wala hayakuwa ya upole wakati wote.

Kilichotupatanisha ni mizani. Kila gari lina uzito wake likiwa tupu, na uzito wa juu kabisa ambao halipaswi kuuzidi. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo mzigo unaoruhusiwa, na ndani yake wanahesabiwa hata watu. Kwa pikapu yetu ilikuwa kilo 850. Ukisikia 850 unaona ni nyingi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na gari nalo ni mwenzio asiyesema.

Tuliazima mizani ya jirani anayeuza nafaka, tukapima kitu kimoja kimoja. Sisi wanne tulikuwa kilo 218. Kanopi ya chuma na bati, 120. Kitanda na masanduku ya plaiwudi, 65. Maji lita 60 ni kilo 60. Madumu mawili ya dizeli, yaani lita 40, ni kama kilo 34. Tairi la pili la akiba, 30. Betri ya pili, 20. Jeki, sepeto, spana na kamba ya kuvutia, 45. Hema dogo la chini, 15. Mtungi wa gesi wa kilo 6 pamoja na jiko lake, 18. Chakula na vyombo, 40. Magodoro, mablanketi na nguo, 50. Zawadi za kijijini, yaani mchele, sukari na mablanketi, 80. Jumla ikafika kilo 795.

Zilibaki 55. Winchi, hema la paa na jokofu, vyote pamoja, vilikuwa kilo 135. Hapakuwa na haja ya kushindana tena. Na zile 55 hatukuzigusa, kwa sababu kiti cha tano kilikuwa cha bibi.

Fundi alituambia tuongeze jani moja la springi kila upande, nasi tukakubali. Lakini alituonya kwa hekima kwamba springi haiongezi ruhusa ya mzigo. Breki, ekseli na chesisi ni zile zile, na breki ndizo zinazomrudisha mtoto nyumbani.

Tulivyopanga chumba

Bodi ya dabo kebini ni fupi, kama mita moja na nusu. Mtu mzima hanyooshi miguu. Tulitengeneza kitanda cha plaiwudi chenye urefu wa bodi, na kipande kingine chenye bawaba kinachokunjuliwa juu ya mlango wa nyuma unapokuwa umefunguliwa. Hapo tukapata mita mbili. Sehemu ile ya nje hufunikwa na turubai linaloshuka kutoka kwenye kanopi. Godoro la sponji tulilikata vipande vitatu ili lifuate mikunjo hiyo. Madirisha mawili ya kanopi tuliyawekea wavu wa mbu ili hewa ipite usiku kucha.

Chini ya kitanda kulikuwa na masanduku. Hapa kuna kanuni ambayo kila mama anayepakia gari aijue: vitu vizito vikae chini na karibu na kebini, vitu vyepesi juu na nyuma. Uzito ukirundikwa nyuma ya magurudumu ya nyuma, sehemu ya mbele ya gari hunyanyuka na usukani huwa mwepesi kwa ubaya. Uzito ukiwekwa juu ya paa, gari huyumba kwenye mteremko wa upande. Kwa hiyo maji, betri na vyuma vilikaa mbele chini, na mablanketi yakakaa nyuma.

Maji tuliyagawa katika madumu matatu ya lita 20 badala ya tangi moja. Dumu moja likitoboka, mawili yanabaki. Na mama anaweza kulinyanyua mwenyewe. Hesabu yetu ilikuwa lita 5 kwa kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia. Watu wanne kwa siku tatu, ni lita 60.

Vumbi lilitaka akili. Gari likienda, hewa ya nyuma yake huwa hafifu na huvuta vumbi kupitia kila upenyo wa mlango wa nyuma. Mpira wa kuziba peke yake hautoshi. Fundi alifungua kidirisha kidogo juu ya paa la kanopi kinachotazama mbele, akakiwekea sponji ya kuchuja. Hewa ikiingia kwa mbele husukuma ya ndani itoke nje, na vumbi hukosa nafasi ya kuingia.

Jiko lilikuwa nje daima. Mtungi wa gesi ulikaa katika sanduku lake lenye tundu chini, kwa maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka, si kupanda. Na hili tunalisema kwa msisitizo, akina mama wenzetu: usiingize jiko la mkaa ndani ya gari, hema au chumba kilichofungwa, hata kama baridi ni kali na mkaa umebaki kidogo tu. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mambo yaliyokuwa ya bibi

Kilichotuchukua muda mrefu zaidi hakikuwa ghali. Tulimtengenezea bibi stuli ya plaiwudi iliyotobolewa katikati, chini yake ndoo yenye kifuniko, na kopo la maranda ya mbao ya kufunikia. Mlango wa kanopi ukifunguliwa kwenda juu huwa kama paa. Tukaning’iniza vitenge pande tatu, na pakawa msalani penye staha, mahali popote gari liliposimama.

Tulitengeneza ngazi ya vidato viwili na mshikio wa bomba. Vidato na mshikio tulivipaka rangi nyeupe, kwa sababu mtu mwenye ukungu machoni huona afadhali kitu cheupe kilicho juu ya cheusi. Tukamnunulia kofia pana, maana jua kali huwatesa sana wenye mtoto wa jicho.

Njiani

Tulitoka Arusha alfajiri. Hadi Mto wa Mbu ni lami. Kutoka hapo wakati huo ilikuwa vumbi na mawe kuelekea kaskazini, kupita Engaruka, ukiwa na ukuta wa Bonde la Ufa mkono wa kushoto, na mbele yako Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano wenye urefu wa mita 2,962, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Makorongo ya mchanga yalikuwa mengi. Kabla ya kuyavuka tulipunguza upepo wa matairi, kutoka 36 hadi 20 kwenye geji. Tairi lililolegea hulala juu ya mchanga badala ya kuchimba. Baada ya hapo tuliujaza tena kwa pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri, kwa sababu tairi legevu likikimbizwa barabara ngumu huchemka na kupasuka. Winchi haikuhitajika hata mara moja. Sepeto lilihitajika mara mbili.

Usiku wa kwanza tulilala Engaresero, karibu na Ziwa Natron, kwenye joto ambalo lingetufanya tulitamani lile jokofu kama tusingekuwa tumefunga madumu kwa magunia yaliyoloweshwa. Siku ya pili tulipanda ukuta wa bonde polepole kwa gia ya chini, tukafika kwa bibi mchana.

Tulikaa siku tatu. Hatukumbembeleza. Tulimshika mkono tu tukamtembeza kwenye gari. Alipapasa mshikio, akapanda vidato, akakaa kitandani akalibonyeza godoro. Akaishika stuli, akakigusa kitenge kote kote. Kisha akauliza, “Na hii ndoo, nani ataimwaga?” Mjukuu wake wa miaka minane akajibu, “Mimi, Bibi.” Asubuhi yake alikuwa amefunga khanga zake kwenye kifurushi.

Kurudi alikaa kiti cha mbele, amefunga mkanda, kwa maana mtu hasafirishwi ndani ya kanopi gari linapokwenda. Kile ni chumba cha kusimamia. Kila baada ya saa moja na nusu tulisimama, naye akanyoosha mgongo kitandani. Usiku alilala ndani na mama na mjukuu wa kike. Baba na mtoto wa kiume wakalala hemani. Mahali pa zile kilo 80 za zawadi palikuwa na asali na maharage ya kwake, maana hakuna bibi anayekubali kuja mikono mitupu.

Jicho la kwanza lilipasuliwa Julai, la pili miezi michache baadaye. Bandeji ilipotolewa, alimtazama yule mjukuu wa ndoo kwa muda mrefu, akasema, “Kumbe umeng’oka meno mawili, na hakuna aliyeniambia.”

Neno kwa wenzetu

Kama nanyi mna gari na mna mzee aliye mbali, msianze na vitu vinavyouzwa dukani. Anzeni kwa kuuliza maswali matatu. Nani atakayepanda? Ni jambo gani linalomtia hofu au aibu? Gari letu limeruhusiwa kubeba kilo ngapi? Andikeni majibu kwenye karatasi moja, baba na mama mkiwa mezani pamoja, kabla ya kumwita fundi. Pimeni kila kitu kwa mizani, na muache kilo kadhaa bila kuzigusa, kwa kuwa kurudi huwa kuna mtu au kitu cha kupakiwa.

Nasi tuliona kwamba kati ya vyote tulivyolipia, hakuna kilichofanya kazi kubwa kuliko stuli, ndoo na vitenge vitatu. Hivyo havikufika hata shilingi elfu hamsini.