Studio ya Binti na Programu ya Bure

Sisi tunaoishi ukanda huu wa Shinyanga na Geita tunaijua shida ya kutafuta picha ya marehemu. Kijana anafukiwa na kifusi machimboni, jeneza liko tayari, na nyumbani hakuna ila kipicha kimoja cha pasipoti, nacho kimekunjika. Kazi ya kukisafisha na kukikuza ni ya studio, na studio hutoza.

Basi kikundi chetu cha kanisani cha kuweka na kukopa kilipopokea maombi ya binti wa mwenzetu kutaka kufungua studio Katoro, mkoani Geita, tulifurahi. Kamera, taa na printa havikutushtua. Kilichotusimamisha ni Photoshop. Programu hii ilitoka mwaka 1990, na zamani uliinunua ikawa yako. Tangu mwaka 2013 wenyewe, Adobe, walihamia kwenye malipo ya kila mwezi. Leo ni zaidi ya dola 20 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi 50,000 kila mwezi, wateja wawe wamekuja au hawakuja. Ukiacha kulipa, inafungwa. Kwa studio changa hiyo ni kama kodi ya chumba cha pili.

“Mbona wengi wanaitumia bure?” aliuliza mama mmoja.

Kweli wanaitumia. Fundi anakuja na flashi yake, anakuwekea nakala iliyovunjwa kufuli, unampa hela ya soda. Hapo tulibishana hasa. Wengine walisema kampuni ya Marekani haitalala njaa kwa sababu ya studio moja ya Katoro. Wengine wakasema fedha za kanisani hazianzishi kazi kwa kitu cha wizi. Nasi tulio wauguzi tukaongeza la kwetu: nakala hizo huweza kuja na virusi, na vikishakula picha za arusi ya watu, hakuna sindano ya kuzirudisha.

Aliyetutoa hapo ni binti mwenyewe. Alisema iko nyingine, GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na hadi leo inaendelezwa na watu wanaojitolea. Ni bure kwa haki: leseni yake inamruhusu yeyote kuinakili na kumpa jirani. Tena ukishaipakua haidai intaneti, jambo kubwa kwa anayenunua bando kwa kupima.

Tulitaka tuone kwa macho. Mjane mmoja alitupa picha ya mumewe, ufa umepita katikati ya shavu. Binti akaiingiza kwenye kompyuta, kisha kwa kifaa cha kuchota ngozi nzima ya pembeni na kuipachika penye ufa, akaenda nayo kidogo kidogo jioni nzima. Sikio moja lilibaki na ukungu. Kilichokwisha kufutika hakirudi kwa programu yoyote. Tulimwomba asiing'arishe ngozi, maana wodini tunawaona wanawake walioungua kwa mkorogo, na hatutaki picha ziwafundishe kuichukia rangi yao. Mjane aliitazama kwa muda mrefu, akasema, “Ndiye.”

Mkopo ukapita, na fungu la Photoshop tukalihamishia kwenye betri ya kushikilia umeme unapokatika.

Hata hivyo GIMP ina taabu zake. Vitufe vimepangwa vingine, kwa hiyo aliyezoea Photoshop atahangaika majuma ya mwanzo. Mafaili ya Photoshop huyafungua, ila si kila mara kwa ukamilifu, na kazi za viwanda vya uchapaji zinazodai rangi nne za wino huisumbua. Picha za pasipoti, arusi na misiba hazihitaji hayo. Siku binti akipata kazi ya namna hiyo mjini Mwanza, atailipia Photoshop kwa faida ya studio yake, na bei hiyo ataiweka kwenye hesabu ya mteja tangu mwanzo.