Kandanda ya Wanachuo Chini ya Kilima cha Makerere

Mgeni aufikiaye mji wa Kampala kwa mara ya kwanza huambiwa kwamba mji huu ulijengwa juu ya vilima saba. Akikaa siku mbili tatu huhesabu vilima vingi kupita hivyo, tena hutambua kwamba karibu kila kimoja kina bwana wake. Mengo kuna kasri la Kabaka. Namirembe na Rubaga kuna makanisa makuu yanayotazamana. Kibuli kuna msikiti na chuo cha mafunzo ya polisi. Kololo kuna uwanja ambapo bendera ya Uganda ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba, 1962. Na Makerere kuna wasomi, tangu chuo kilipofunguliwa mwaka 1922 kikiwa shule ndogo ya ufundi.

Kandanda peke yake haina kilima chake. Huchezwa juu, huchezwa bondeni, na hubishaniwa kotekote. Lakini atakaye kusikia ubishi ulio mtamu zaidi, na ashuke Wandegeya, chini ya Makerere, alasiri ya siku ambayo timu ya chuo ina mchezo. Hapo wauza chapati husimama nyuma ya meko yao, wakipasua mayai na kuyaviringisha ndani ya chapati ili kupata kile chakula ambacho Kampala nzima hukiita roleksi. Wanaosubiri chakula hicho ndio wanaounda baraza. Kuna wanafunzi wenye madaftari kwapani, waendesha bodaboda, makarani wanaorudi kazini, na mara nyingi askari aliye likizoni. Huyu wote humwita "Afande" hata kama amevaa nguo za kiraia, kwani viatu vyake humtambulisha.

MBINU ZA MWALIMU WA TIMU

Tangu mwaka 2012 vyuo vikuu vya Uganda vina ligi yao ya kandanda. Makerere imo, Kyambogo imo, chuo cha biashara cha Nakawa kimo, na kutoka nje ya mji huja Mukono, Ndejje, Nkumba na vinginevyo. Timu huchezeana nyumbani na ugenini, katika viwanja vya vyuo vyenyewe. Hakuna jukwaa kubwa. Mtazamaji husimama hatua chache kutoka kwenye mstari, akasikia golikipa akiwagombeza mabeki wake, naye akaongeza ya kwake.

Kwa hiyo kila mtazamaji ni mwalimu wa timu. Mmoja hushikilia kwamba winga wa kulia asirudi nyuma hata kidogo, kwa kuwa mbio zake ndizo zinazowaogopesha wapinzani. Mwingine humjibu kwamba winga asiyerudi humwachia beki wake mzigo wa watu wawili. Mvua za mwezi wa Aprili zikinyesha na kiwanja kikawa tope, huzuka hoja ya pasi: je, zipigwe fupi fupi jinsi mwalimu apendavyo, au mpira urushwe mbali ili ukaamuliwe na vichwa na vifua? Mabishano haya hayana mwisho, wala hakuna anayetaka yawe na mwisho.

Hata hivyo, wenye kufikiri sana barazani hukubaliana juu ya jambo moja. Mwalimu wa timu ya chuo ana kazi ngumu kuliko mwenzake wa klabu. Klabu ikimpata mlinzi hodari, inaweza kukaa naye miaka kumi. Chuo hakiwezi. Kijana huingia mwaka wa kwanza akiwa mbichi, mwaka wa pili huiva, na mwaka wa tatu huvaa joho, akapigwa picha na wazazi wake, akaenda zake. Siku ambayo familia hushangilia ndiyo siku ambayo timu hupata pengo. Zaidi ya hayo, ratiba ya mitihani haimwombi mtu radhi. Kiungo tegemeo anaweza kuwa ndani ya chumba cha mtihani saa ile ile ambayo wenzake wanafunga viatu.

KUSAKA VIJANA

Kutoka hapo mazungumzo huhamia kwenye usajili, na sauti hupanda. Vyuo husaka vijana katika shule za sekondari, na mashabiki huzijua shule hizo kama wazijuavyo jamaa zao. Hutajwa Kibuli. Hutajwa St Mary's Kitende, iliyoko kwenye barabara ya Entebbe, ambayo jina lake haliachani na la klabu ya Vipers. Klabu hiyo ina uwanja wake hapo hapo Kitende, na mwezi wa Oktoba 2022 iliitoa TP Mazembe katika mashindano ya mabingwa wa Afrika, kwa penalti, mjini Lubumbashi. Kwa upande wa wasichana hutajwa Kawempe Muslim, shule ambayo timu yake imekuwa bingwa wa wanawake wa nchi nzima zaidi ya mara moja, ikizishinda klabu za watu wazima.

Vyuo vya watu binafsi huwavutia vijana hao kwa kuwasamehe ada, yote au sehemu yake. Kwa vyuo vya umma njia ni nyembamba zaidi. Katika nafasi za masomo 4,000 hivi ambazo Serikali imekuwa ikizigharimia kila mwaka, 40 zimekuwa zikitengwa kwa wanamichezo, nazo ni kwa michezo yote na kwa vyuo vyote vya umma. Mzazi akizigawa nafasi hizo kwa idadi ya vijana wapigao mpira kuanzia Arua mpaka Kabale, ataelewa kwa nini zinagombewa kuliko kombe lenyewe.

Tena kuna mvutano wa chuo na klabu. Mchezaji hodari wa chuo mara nyingi amesajiliwa pia na klabu ya ligi. Jumatano huvaa jezi ya chuo, Jumamosi jezi ya klabu. Kila upande humhesabu kuwa wake, na hakuna upande unaoyahesabu magoti yake. Chuo cha Ndejje kilikwenda mbali zaidi kwa kuiingiza timu yake katika ligi kuu ya Uganda katika msimu wa 2018/19. Msimu mmoja ukatosha, ikashuka. Mashabiki wengine wa vyuo hulitaja jambo hilo kwa fahari, wengine kwa tahadhari.

WALIOTANGULIA WALIPEWA KAZI

Mara kwa mara katika baraza la namna hii hutokea mzee aliyestaafu katika jeshi, polisi au magereza. Vijana humpisha benchi, kwa maana ana habari wasizozisoma.

Huwaeleza kwamba ligi ya Taifa ilipoanzishwa mwaka 1968, bingwa wa kwanza alikuwa timu ya Magereza, nayo ikarudia mwaka 1969. Mwaka 1971 ubingwa ulichukuliwa na Simba, timu ya jeshi, isichanganywe na Simba ya Dar es Salaam. Ikauchukua tena mwaka 1973 na mwaka 1978. Klabu ya Halmashauri ya Jiji, ambayo leo ni KCCA, ilikuwa bingwa mwaka 1976 na 1977. Polisi nao hawakuachwa nyuma: walitwaa ligi mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakalileta nyumbani kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati.

"Sisi hatukupewa masomo, Mzee, tunapewa ahadi tu," kijana mmoja huweza kulalamika.

Naye mzee humjibu, "Sisi tulipewa kazi, mwanangu. Mguu ulipokataa, kazi ilibaki."

Katika jibu hilo mna historia nzima ya kandanda ya Kampala. Kijana aliyejua mpira zamani alichukuliwa na kikosi, na pamoja na jezi alipata sare, posho na chumba katika kambi. Alipozeeka kiwanjani hakutupwa. Alibaki kuwa askari, mlinzi wa magereza au karani wa jiji, na watoto wake walisoma kwa mshahara wake. Polly Ouma, aliyekuwa nyota wa Simba, baadaye aliifunza timu ya Taifa. Wengi wengine hawakupata sifa hizo, lakini walipata pensheni.

Klabu za mkataba zilipokuja, mpango huo ulilegea. Mchezaji hulipwa anapocheza, na mkataba ukiisha hurudi kwao na viatu vyake. Ndiyo maana chuo kimechukua nafasi iliyokuwa ya kambi. Hakimpi kijana mshahara, ila humpa kitu kinachoweza kudumu kuliko mshahara, yaani cheti. Swali ni kama kijana hukipata kweli.

MCHEZO MKUBWA

Hakuna baraza la mpira linalovunjika kabla ya kugusia mchezo mkubwa, na hapa Kampala ina majeraha yake. Mwaka 1972 Simba ya jeshi ilifika fainali ya klabu bingwa za Afrika. Ilifungwa 4-2 na Hafia kule Conakry, ikarudi nyumbani na matumaini ya kufuta magoli mawili, ikafungwa tena 3-2. Mwezi wa Machi 1978 timu ya Taifa, ambayo Phillip Omondi alikuwa mmoja wa waliofunga magoli mengi zaidi katika mashindano yale, ilifika fainali ya mataifa ya Afrika mjini Accra, ikalala 2-0 mbele ya Ghana. Mwaka 1991 Villa ilifika fainali, ikapigwa 6-2 na Club Africain kule Tunis, na sare ya 1-1 mjini Kampala haikusaidia kitu. Baada ya 1978 Uganda ilisubiri miaka 39 kabla ya kurudi katika fainali za mataifa ya Afrika, mwaka 2017 nchini Gabon.

Lakini matumaini hayajafa, kwani hata viwanja vimefufuliwa. Nakivubo, uliojengwa kuwakumbuka askari wa Uganda waliokufa vitani, ulibomolewa mwaka 2017 ukafunguliwa upya mwaka 2024. Namboole, uliofunguliwa mwaka 1997, ulikarabatiwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi. Mwezi wa Agosti 2025 ulijaa watu Uganda ilipopambana na Senegal katika robo fainali ya mashindano ya wachezaji wa ndani. Uganda ilitolewa kwa goli moja, na mashabiki wakashuka hadi barabara ya Jinja wakibishana juu ya nani angeingizwa mapema. Tena mwaka 2023 Uganda, Kenya na Tanzania zilipewa kwa pamoja uenyeji wa fainali za mataifa ya Afrika za 2027. Kila mwanachuo ajuaye kupiga chenga sasa hujiona ndani ya jezi ya Taifa.

BAADA YA FILIMBI

Jioni huingia mapema chini ya kilima. Filimbi ya mwisho ikilia, waliofungwa humlaumu refa, walioshinda huimba wakiteremka Wandegeya, na wauza chapati huwasha taa zao. Nyuma kabisa huja wachezaji, mmoja mmoja, wakichechemea. Begi la mmoja lina viatu vyenye tope na daftari la hesabu, kwa kuwa kesho saa mbili asubuhi ana jaribio. Mashabiki walioliimba jina lake hawatakuwapo katika chumba hicho.

Familia za askari zinalihitaji funzo hili kuliko nyingine, maana katika kambi zetu mna watoto wengi wenye miguu ya dhahabu, na siku hizi wasakaji hufika mpaka mlangoni. Mzazi asimfukuze mgeni huyo, wala asimkabidhi mtoto kwa furaha ya siku moja. Amkaribishe, ampe chai, amwulize maswali matatu. La kwanza: mtoto atasoma masomo gani, na atayamaliza lini? La pili: siku ya mtihani ikigongana na siku ya mchezo, ipi itasogezwa? La tatu: goti likivunjika mwaka wa pili, nani atalipa hospitali, na nani atalipa ada ya mwaka wa tatu? Majibu yaandikwe, yatiwe sahihi, na karatasi itunzwe nyumbani pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Mchezo wa kandanda ni dakika tisini, na miaka ya mchezaji haizidi kumi na mitano hata akijaliwa. Wazee wa Simba na Magereza walikuwa na kambi ya kurudia. Kijana wa leo kambi yake ni cheti, na akiba, kama tujuavyo, haiozi.