Maji ya Mtungi wa Idodi

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unapita Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa mpaka Wajerumani walipoiteka mwaka 1894. Baadaye baridi inabaki nyuma, nawe unateremkia kwenye joto na vumbi mpaka Idodi, kwenye mahindi na mpunga.

Tulifika kwa mwenyeji wetu tukiwa na kiu kali. Binti yake alituomba radhi kwamba hawana friji, akachota maji mtungini huku akiona haya. Kumbe yalikuwa baridi na matamu! Maji kidogo hupenya katika udongo wa mtungi na kukauka kwa nje, na kukauka huko ndiko kunakopoza yaliyobaki ndani.

"Mtungi ni ushamba tu, mama," binti alisema.

Nikamsimulia habari za Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa. Lakini mwaka 1974 alisafiri hadi Abuja ya zamani, Nigeria, mji ambao leo unaitwa Suleja. Pale alijifunza kwenye kituo cha ufinyanzi alikofanya kazi Ladi Kwali, mama ambaye sura yake imo katika noti ya naira 20. Mwaka 1982 alihitimu Royal College of Art, London.

Pamoja na elimu hiyo yote, Bi. Odundo hufinyanga kwa mikono, bila gurudumu. Huusugua udongo mpaka ung'ae, kisha huchoma. Moto wenye hewa ya kutosha huleta wekundu. Ukinyimwa hewa, huleta weusi. Kazi zake zimo British Museum, na mwaka 2020 alitunukiwa cheo cha Dame.

Si kila mfinyanzi atafika huko. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa mkoani Mbeya, hupeleka vyungu vyao kwa mtumbwi hadi soko la Matema. Hiyo nayo ni kazi ya heshima.

Binti alinyamaza. Kisha akamgeukia mama yake: "Mama, mtungi huu alifinyanga nani?"

"Marehemu bibi yako," akajibu taratibu. "Aliniita mara nyingi nikajifunze. Nilikuwa naona haya kama wewe."

Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Akina mama wapendwa, Mungu alipotaka kumfundisha Yeremia, alimtuma ashuke nyumbani kwa mfinyanzi. Hakuiona kazi ile kuwa duni. Basi, kama yuko bibi kijijini kwenu anayejua udongo, mpeleke binti yako akakae naye likizo hii. Mtungi ukivunjika na fundi hayupo, hatutakuwa na wa kumwuliza.