Barabara ya Kasenga, asubuhi ya baridi

Juma hili tunawapeleka kwenye barabara ya Kasenga, ile inayotoka Lubumbashi kuelekea mto Luapula. Tulikuwa wamama wanane wa kikundi. Tuliondoka siku ya posho, saa kumi na moja ya asubuhi, kila mmoja na vitenge viwili mabegani, na bado meno yaligongana. Watu wa mbali wanafikiri Kongo yote ni joto tu. Lubumbashi iko karibu mita 1.200 juu ya bahari, na mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya usiku inaweza kushuka chini ya digrii 10.

Safari hii ilizaliwa na machozi. Mama mmoja wetu, usiku wa baridi kali, aliingiza mbabula ndani ya chumba, akafunga mlango, akaziba dirisha kwa nguo. Usiku wa manane aliamka na kichwa kinampasuka. Alitaka kusimama, miguu ikakataa. Alimwita mtoto wake mdogo, hakuitika. Alitambaa mpaka mlangoni, akapiga kelele, majirani wakawatoa wote inje. Mtoto alipona, lakini alikaa siku mbili hospitalini.

Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gazi ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikoholeshi. Inaingia ndani ya damu na kuchukua nafasi ya hewa nzuri. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, usingizi mzito, kisha kifo. Hata makala mekundu yasiyo na moshi yanaitoa.

Tulipomuuliza kwa nini, alijibu: « Makala ni bei kali. Nilitaka yaliyobaki yatusaidie mpaka asubuhi. » Hakuna aliyemlaumu, maana wengi wetu tulikuwa tunafanya vile vile. Ndiyo sababu tulisema: twende tuone makala haya yanatoka wapi.

Kabla jua kutoka tulikutana na vijana wanaosukuma baiskeli, magunia ya makala yamepita vichwa vyao. Kijijini mama mmoja alituonyesha tanuru. Miti inakatwa, inapangwa, inafunikwa na majani na udongo, kisha moto unaila polepole siku nyingi. Ili upate kilo 1 ya makala, unahitaji kilo 5 za kuni, na mara nyingi zaidi. Tulinyamaza. Kila mmoja alifikiria makala aliyoyaacha yakiisha bure baada ya kuivisha bukari.

« Zamani tulikuwa tunaokota uyoga na viwavi hapa nyuma ya nyumba, » alisema yule mama. « Sasa tunatembea nusu siku. » Ni kweli: viwavi vinakula majani ya miti kama muputu na mutondo, na uyoga mwingi unaota kwenye mizizi yao. Mti ukienda, mboga imekwenda.

Jioni alituonyesha namna anavyopambana na baridi. Moto unawaka inje, chini ya paa lisilo na kuta. Watu wote wanaota moto pale, wanakula, kisha wanaingia kulala, na moto unabaki inje. Chini ya mikeka ya watoto aliweka majani makavu, unene wa kiganja. « Baridi ya usiku inatoka chini, » alisema. Sisi wa mjini tunanunua blanketi la kufunika, lakini tunamlaza mtoto juu ya sima!

Tuliporudi, tulijaribu mambo haya, na yametusaidia:

Chini ya godoro ao mkeka tunatandika makartoni. Mtoto mchanga analala ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, na kofia kichwani.

Mchana jua la miezi hii ni kali na ni la bure. Tunaanika blanketi, na tunaweka bido nyeusi ya maji juani. Saa tisa maji ya kuoga watoto ni ya uvuguvugu.

Maharagwe tunayalowesha tangu jana yake. Yakishachemka dakika kumi na tano kwa nguvu, tunafunika sufuria, tunaiweka ndani ya kikapu chenye nguo nzito, saa tatu ao ine. Tunairudisha motoni ichemke tena mpaka maharagwe yalainike kabisa.

Chakula kikiiva, makala yaliyobaki tunayafunika ndani ya sufuria kuukuu yenye kifuniko, inje. Yanazimika, kesho yanawaka tena.

Maji ya moto tunayatia ndani ya chupa ngumu, tunaifunga vizuri, tunaizungushia kitenge, na kuiweka miguuni. Kwa mtoto mchanga, tunaiondoa kabla hajalazwa.

Gunia lililokuwa linaisha kabla ya mwezi sasa linavuka mwezi.

Jana tulipita kwa yule mama wetu. Mtoto alikuwa anacheza uwanjani. Mbabula ilikuwa chini ya ukuta, inje, imegeuzwa kifudifudi. « Hapo ndipo inapolala, » alisema. Wamama, usiku wa leo, mbabula zenu zilale inje.