Miguu ya Jumamosi Asubuhi



Mwezi uliopita nilipigiwa simu alfajiri, kabla ya Misa ya kwanza, kutoka Marekani. Wale mnaonifahamu kitambo mnakumbuka kwamba nilitumwa masomoni huko Texas kwa miaka miwili, na kwamba mara moja kwa mwezi nilikuwa nikiadhimisha Misa ya Kiswahili kwa ajili ya familia za wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo. Aliyepiga simu ni baba wa mojawapo ya familia hizo, mtu wa rika langu, ambaye mimi humwita Papa kama wao wanavyoitana, naye huniita Padri. Hufanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama, na alikuwa amepata dakika chache za mapumziko.

“Padri,” aliniambia, “kijana wangu wanampa mpira mara thelathini kila Ijumaa. Mji mzima unaimba jina lake. Lakini Jumamosi asubuhi anashuka ngazi kwa ubavu, ameshika ukuta, kama mzee. Nimwache aendelee?”

Kijana ana miaka 17. Mwalimu wa timu anasema vyuo vikuu vinamtazama, na kwamba akiendelea hivyo atasomeshwa bure. Papa anaitaka sana elimu hiyo. “Mimi nauza mgongo wangu kila usiku ili yeye asiuze wake,” alisema, kisha kengele ya kiwanda ikalia, akakata simu. Nilimwahidi jibu baada ya juma moja. Naomba niwashirikishe niliyoyafikiri katika juma hilo, maana hata wale ambao hawajawahi kuuona mchezo huo wanazo nyumba zenye vijana.

Mpira wa miguu wa Kimarekani, ambao kwa kweli huchezwa zaidi kwa mikono, una nafasi ya mchezaji ambaye kazi yake kubwa ni kukabidhiwa mpira na kukimbia nao mbele, katikati ya watu wanaotaka kumwangusha. Nitamwita mbeba mpira. Mbele yake wapo wenzake watano wenye miili mikubwa, ambao humfungulia njia kwa kuwasukuma wapinzani. Wapinzani ni kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja wanamtafuta yeye. Mchezo wake huisha kwa namna moja karibu kila mara: anaangushwa chini, mara nyingi na watu wawili au watatu kwa pamoja, wengine wenye uzito unaozidi kilo mia. Kisha anasimama, na wanampa tena.

Katika parokia niliyokaa kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akienda katika uwanja wa Astrodome mjini Houston kumtazama Earl Campbell. Alipomtaja, alishusha sauti. Campbell aliingia ligi ya kulipwa mwaka 1978, na kwa miaka mitatu mfululizo, 1978, 1979 na 1980, aliongoza ligi nzima kwa umbali aliokimbia na mpira. Hakuwa mtu wa kukwepa. Aliwapitia waliosimama mbele yake, na wengine walibaki na kipande cha jezi yake mkononi. Mwaka 1980 alikabidhiwa mpira mara 373 katika michezo 15, yaani karibu mara 25 kila mchezo, akakimbia yadi 1,934. Yadi ni pungufu kidogo ya mita. Kila alipokabidhiwa mpira, kwa wastani, alipata yadi zaidi ya tano. Alikuwa na miaka 25.

Mwaka uliofuata alicheza michezo yote 16, akapewa mpira mara 361, na wastani wake ukashuka chini ya yadi nne. Hakuvunjika popote. Hakuna siku moja ambayo mtu angeweza kuionyesha kwa kidole na kusema: ni hapa. Aliendelea kwa miaka kadhaa, akahamia New Orleans, na mwaka 1986, akiwa na miaka 31, akastaafu. Wengi wenu mnao watoto wa umri huo ambao ndio kwanza wanajenga nyumba. Katika miaka iliyofuata Campbell alifanyiwa upasuaji wa mgongo na wa magoti, akatembea kwa fimbo, na kuna nyakati alizotumia kiti cha magurudumu.

Kwa nini hushuka mapema hivyo? Hapa nina ushahidi mdogo wa kwangu mwenyewe. Nikiwa seminarini nilicheza pembeni katika timu yetu ya kandanda, na sifa yangu ilikuwa moja tu: hatua ya kwanza. Siku moja goti la kulia liligeuka vibaya, kano ikachanika. Baada ya miezi mingi niliambiwa nimepona, na kwa kweli nilikuwa nimepona. Nilitembea, nilipanda milima, nililima bustani ya seminari. Lakini ile hatua ya kwanza haikurudi. Beki ambaye zamani nilimwacha nyuma sasa alinifikia, na tofauti haikuzidi urefu wa kiatu. Waliokuwa wakitazama walisema nimekuwa mvivu. (Mnaoniona nikichelewa kuinuka baada ya kupiga goti mbele ya Tabernakulo, sasa mmejua sababu, si tafakari ndefu.)

Kwa mbeba mpira, urefu huo wa kiatu ndio mkate wake. Njia anayofunguliwa na wenzake hudumu kwa muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili. Aliyechelewa nusu hatua hukuta imefungwa, na badala ya kuguswa mkono hugongwa kifua. Kwa hiyo kushuka huzaa kushuka: anayepoteza wepesi hupokea mapigo mazito zaidi, nayo mapigo humpunguzia wepesi uliobaki. Wengine katika timu wanaweza kuziba upungufu wa mwili kwa akili na uzoefu. Tom Brady, ambaye kazi yake ilikuwa kurusha mpira, alishinda fainali kuu, Super Bowl, mwaka 2021 akiwa na miaka 43. Mbeba mpira naye hukomaa kiakili, lakini uzoefu unamwambia tu mahali njia ilipokuwa.

Hata hivyo tusiyabebeshe mapigo lawama yote. Huko wamekuwa na mazoea ya kusema kwamba atakayepewa mpira mara 370 katika msimu mmoja, msimu unaofuata ataanguka. Mifano ipo. Larry Johnson wa Kansas City alipewa mara 416 mwaka 2006, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia. Mwaka uliofuata akavunjika mguu, na hakufikisha tena yadi 1,000. Terrell Davis wa Denver alipewa mara 392 mwaka 1998, akakimbia yadi 2,008. Mwaka 1999, katika mchezo wa nne, goti likaharibika, na kazi yake ikawa kama imekwisha. Lakini Eric Dickerson alipewa mara 390 mwaka 1983, akarudi mwaka 1984 na kuweka rekodi ya yadi 2,105, kisha mwaka 1986 akapewa mara 404. Kumbe si kanuni ya maumbile.

Tunasahau jambo moja. Mtu hupewa jina la nyota katika mwaka wake bora kabisa, na mwaka bora kabisa hutokea pale mambo mengi mema yanapokutana: mwili mzima, mwalimu mzuri, wenzake watano wa mbele wasioumia, na bahati. Mwaka unaofuata, hata asipoguswa na mtu, mambo hayo hayatakutana yote tena. Shaun Alexander wa Seattle mwaka 2005 alikimbia yadi 1,880, akavuka mstari wa mwisho akikimbia na mpira mara 27, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi. Machi 2006 alipewa mkataba mpya wa miaka minane. Mwezi huohuo Steve Hutchinson, mmoja wa wale wanaofungua njia na miongoni mwa walio bora kabisa wa kizazi chake, aliondoka kwenda Minnesota. Msimu huo Alexander alivunjika mfupa wa mguu, hakufikisha yadi 900, na mwaka 2008 Seattle ikaachana naye. Wapo waliosema kwa mzaha, na wengine bila mzaha, kwamba ni laana, kwa sababu picha yake ilikuwa imewekwa kwenye jalada la mchezo wa kompyuta. Laana! Kama tungehesabu nani aliondoka mbele yake na mfupa gani ulivunjika, tusingehitaji kutafuta wachawi.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonikosesha usingizi zaidi kuliko magoti. Utaratibu wa ligi ile haumruhusu kijana kuingia mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari. Miaka hiyo huicheza chuoni, ambako hadi mwaka 2021 alikatazwa kulipwa zaidi ya masomo na matunzo. Akichaguliwa, hupewa mkataba wa miaka minne ambao kiwango chake kimekwisha kupangwa, na timu iliyomchagua katika duru ya kwanza inaweza kumwongezea mwaka wa tano. Kwa hiyo anapofika mahali pa kusema bei yake mwenyewe, ana miaka 25 au 26. Ni umri uleule wa Campbell mwaka wastani wake ulipoanguka. Nguvu zilitumika kabla bei haijatajwa.

Todd Gurley alichanika kano ya goti Novemba 2014, akiwa bado chuoni, bila mshahara. Mwaka 2017 alitangazwa mshambuliaji bora wa mwaka, na mwaka 2018 akapewa nyongeza ya mkataba ya dola milioni 57.5. Hadi Februari 2019, katika Super Bowl, alikuwa mtu aliyepewa mpira mara 10 tu, akapata yadi 35. Goti lilikuwa limeanza kulika. Machi 2020 timu ikamwacha. Alicheza msimu mmoja mwingine Atlanta, na mchezo wake wa mwisho aliucheza akiwa na miaka 26. Wenye timu walijifunza somo, lakini somo walilojifunza ni kutowalipa wabeba mpira. Mwaka 2023 Josh Jacobs, aliyeongoza ligi msimu uliotangulia kwa yadi 1,653, hakupata mkataba mrefu alioutaka.

Wapo waliodumu, nisiwafiche. Emmitt Smith alicheza miaka 15. Frank Gore, aliyefanyiwa upasuaji wa magoti yote mawili akiwa chuoni, alicheza hadi miaka 37. Derrick Henry alikimbia yadi 1,921 mwaka 2024 akiwa na miaka 30. Na wapo walioondoka kabla ya kuondolewa: Barry Sanders aliacha mwaka 1999, akiwa amebakiwa na yadi 1,457 tu kuifikia rekodi ya Walter Payton, na watu wa Detroit walikasirika kana kwamba miguu ile ilikuwa mali yao.

Haya ndiyo niliyomweleza Papa. Sikumwambia amtoe kijana. Kumtoa kwa nguvu kijana wa miaka 17 katika jambo analolipenda ni kumpoteza kwa njia nyingine. Nilimwambia aende kwa mwalimu, yeye mwenyewe, akiwa amevaa shati lake la Dominika, aulize ni nani anayehesabu. Mara thelathini kila Ijumaa ni zaidi ya alizopewa Campbell, naye alikuwa mtu mzima aliyelipwa. Aombe kijana mwingine abebe nusu. Na kama chuo kinamtaka mwanawe, basi kinamtaka akiwa na magoti. Mwalimu anayelielewa hilo ni rafiki, asiyelielewa anajenga jina lake kwa mwili wa mtoto wa mwingine. Pia nilimwambia amsikilize kijana, si anachosema bali anavyoshuka ngazi.

Papa alikaa kimya, kisha akasema, “Padri, Kiingereza changu hakitoshi kwa maneno hayo yote.” Nikamwambia achukue binti yake mkubwa amtafsirie.

Dominika iliyopita alinipigia tena. Walikwenda, yeye na binti. Mwalimu alikunja uso, kisha akakubali kwa majaribio. Ijumaa iliyofuata kijana alipewa mpira mara 16. Timu ilifungwa. Alirudi nyumbani hajasema neno, akala peke yake, akafunga mlango wa chumba kwa kishindo, na binti naye akalaumiwa kwa kutafsiri vizuri mno.

“Na Jumamosi?” nikauliza.

Papa alicheka. Alikuwa ndio kwanza ametoka zamu, amekaa jikoni na viatu vya kazi miguuni, aliposikia kishindo cha mtu akishuka ngazi mbilimbili, akipita mbio mbele yake bila salamu, bado amekasirika.

Nawatakieni Dominika njema.