Msitu wa Arabuko-Sokoke na Jirani Zake

Msafiri atokaye Kilifi kwenda Malindi kwa barabara kuu huuona msitu mkubwa upande wake wa kushoto, na wengi huupita bila kuuliza jina lake. Huo ndio Arabuko-Sokoke. Eneo lake lapata kilometa mraba 420, nao ni mkubwa kupita misitu mikavu yote iliyosalia katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa Serikali mwaka wa 1943.

Mgeni aingiaye kwa upande wa Gede hukuta kana kwamba ni misitu mitatu ndani ya mmoja. Mashariki imo miti mchanganyiko, na mbambakofi miongoni mwao. Kisha hufuata mirihi iliyosimama mbalimbali juu ya mchanga mweupe, jua likipenya kati yake. Magharibi, penye udongo mwekundu, vichaka vimesongamana, na humo hukaa bundi mdogo ambaye kimo chake ni kama shubiri moja. Wataalamu hawakumjua hata mwaka wa 1965. Chini, katika majani makavu, sengi mwenye kiuno cha manjano hufukua wadudu kwa pua yake ndefu. Apigaye kelele hawaoni hao. Aendaye polepole alfajiri, pamoja na kiongozi aliyezaliwa karibu na msitu, huenda akawaona.

Walakini msitu wa umma si pori lisilo na mwenyewe. Magari yana barabara zake, waendao kwa miguu wana vijia vyao, na mahema hupigwa mahali palipoagizwa tu. Sababu yake ni dhahiri. Kila mgeni akijikatia njia yake, majani yampayo sengi chakula yatapondwa, na mtega mitego ataifuata njia hiyo hiyo usiku. Kwa hiyo ulitungwa mpango wa miaka 25, tangu 2002 hata 2027, ulioonyesha sehemu mbalimbali za msitu na matumizi ya kila moja. Wakuu wa misitu, wa wanyama pori, wa utafiti wa misitu na wa makumbusho ya taifa walipatana kuulinda pamoja.

Lakini mpango haufai kitu ikiwa jirani ameukataa. Vijiji vimeuzunguka msitu pande zote, na ardhi ya kulima ni haba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima waliulizwa maoni yao, na wengi sana walitaka msitu, au sehemu yake, ukatwe na kugawanywa mashamba. Wala si ajabu. Mtu ambaye mahindi yake yameliwa na ndovu usiku mmoja, atamsifuje bundi asiyemwona?

Ndipo mwaka wa 1993 ilipoanzishwa kazi ya Kipepeo huko Gede. Wakulima hufuga viwavi kwa majani ya miti ya msituni, na kila kiwavi ajifungapo ndani ya ganda lake, huuzwa na kupelekwa kwa ndege upesi, kabla hajatoka kipepeo, hata Ulaya na Marekani. Huko watu hulipa kiingilio ili wawatazame. Vivyo hivyo katika hori ya Mida, limejengwa daraja la mbao na kamba, urefu wake zaidi ya meta 200, lipitalo juu ya mikoko. Ada ya wageni wa huko husaidia kulipa karo za watoto wa shule za sekondari wakaao kando ya msitu. Hivyo mti usiokatwa ukaanza kuwa na bei.

Hata hivyo kazi haijaisha. Wakata muhuhu kwa ajili ya vinyago, wachoma makaa na wategaji hawajatoweka. Tena mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga njia za wasafiri, ilidhihirika kwamba pato litegemealo wageni wa mbali laweza kukatika kwa siku moja. Kwa hiyo ni heri wenyeji wenyewe, walimu na wanafunzi, makarani na wakulima, wazoee kuutembelea msitu wao. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye asiwe mgeni kwake.